Maswali mnayotuuliza kuhusu wanyama wa bustani ya safari na wanaowatunza

Haya ni maswali ambayo wageni hutuuliza karibu kila siku, mengine kupitia dirisha la gari, mengine kutoka kwa watoto wanaokataa kuondoka bila kujibiwa. Nimeyajibu kama mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi, kwanza kwa wala majani, baadaye kwa paka wakubwa. Pale ambapo watunzaji wenyewe hatukubaliani, nimesema.

Bustani ya safari inatofautianaje na bustani ya wanyama ya kawaida?

Kwenye bustani ya kawaida mgeni anatembea kwa miguu na mnyama yuko nyuma ya kizuizi. Kwenye bustani ya safari mnyama ndiye mwenye eneo pana, na mgeni ndiye aliyefungiwa ndani ya gari. Longleat ya Uingereza ilianza hivyo mwaka 1966, kwa simba, na ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo nje ya Afrika.

Nafasi ni neema kwa mnyama, ila kwa mtunzaji ina shida yake. Swala aliyejilaza chini ya mti mita 400 kutoka ulipo, huwezi kujua kama ameumia mguu. Ndiyo maana wengi wao tunawazoesha kuingia bandani jioni: tuwahesabu, tuwaone kwa karibu, na kila mmoja ale sehemu yake bila kunyang'anywa na mbabe wa kundi.

Kutwa nzima mnafanya nini?

Sehemu kubwa ni kusafisha. Tembo mzima anaweza kutoa kilo 100 za kinyesi kwa siku, na zote zinaondoka kwa koleo na toroli. Lakini kabla ya kuingiza koleo, mtunzaji anatazama. Kinyesi kizuri cha tembo ni mabonge yanayoshikana, yenye nyuzi za majani zilizosagika. Ukiona nyuzi ndefu, jani limepita bila kutafunwa vizuri, na hapo unaanza kuwaza magego. Tembo ana seti sita tu za magego maishani mwake. Ya mwisho ikilika, hakuna nyingine. Kinyesi cha twiga, kwa ukubwa wa mnyama mwenyewe, ni cha kushangaza: punje ndogo kavu, zinazotawanyika zikianguka kutoka juu. Zikilainika na kushikamana, tumbo lina jambo. Mara kwa mara tunapeleka sampuli maabara wahesabu mayai ya minyoo.

Baada ya usafi ndipo chakula, maji, kukagua uzio hatua kwa hatua, na kuandika. Nani ameacha chakula, nani amepigana, nani amepandwa na dume gani na tarehe ngapi. Mimba ya tembo ni miezi 22 hivi. Ukisahau kuandika tarehe leo, karibu miaka miwili baadaye hujui ulale bandani usiku gani.

Mnaingia ndani kwa simba?

Hapana. Hatuingii kwa simba, simbamarara wala chui. Kwa tembo wazima na vifaru pia, bustani nyingi siku hizi zinafanya kazi kukiwa na vyuma katikati ya mtu na mnyama.

Banda la paka wakubwa lina vyumba viwili au zaidi vilivyotenganishwa na lango la kusukuma, na mtunzaji analiendesha akiwa nje. Ukitaka kusafisha chumba cha kwanza, simba wote wanahamia cha pili, lango linafungwa, kufuli linapigwa, kisha unahesabu vichwa kwa sauti. Mwenzako naye anahesabu kwa macho yake mwenyewe, bila kutegemea hesabu yako. Namba zikilingana ndipo mlango wa watu unafunguliwa.

Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kupiga kufuli, nikasikia mlio wake, nikageuka kwenda kuchukua mpira wa maji. Mzee aliyekuwa akinifundisha akaniita. Akalishika lile kufuli kwa vidole viwili, akalivuta chini taratibu, likafunguka. Ulimi wake ulikuwa umegusa ukingo wa tundu bila kuingia. Hakunigombeza. Alinipa ufunguo nianze upya, kuanzia kuhesabu. Tangu siku hiyo kila kufuli ninalofunga nalivuta mara mbili, hata la kabati la nguo zangu.

Mnyama hatari akitoka, inakuwaje?

Kuna mpango ulioandikwa na tunaufanyia mazoezi. Taarifa inapita kwenye redio ya upepo, wageni wanabaki ndani ya magari au wanaingizwa kwenye majengo, na watu waliofunzwa silaha wanakwenda eneo husika. Wengi huuliza kwa nini asipigwe tu sindano ya usingizi. Sindano huchukua dakika kadhaa kufanya kazi, na katika dakika hizo mnyama yuko macho, ana maumivu na ana hofu. Akiwa karibu na watu, hupigwa risasi. Hakuna mtunzaji anayelala vizuri baada ya kulisema hilo.

Wanakula nini, na kiasi gani?

Hapa ndipo watu hudhani ni suala la wingi tu. Wingi upo: tembo mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku na kunywa maji lita 100 hadi 200. Lakini kinachotusumbua zaidi ni aina.

Chukua kifaru. Kifaru mweupe ana mdomo mpana, hula nyasi kama ng'ombe, na ukimpa nyasi kavu safi za kutosha anaridhika. Kifaru mweusi ana mdomo uliochongoka, hukwanyua matawi na majani ya vichaka. Akiwa kifungoni hukusanya madini ya chuma mwilini kupita kiasi, na chuma hicho humharibia viungo polepole bila dalili za nje. Kwa hiyo mtunzaji wa kifaru mweusi anasoma kibandiko cha kila gunia la chakula, na kutwa anatafuta matawi mabichi. Vifaru hawa wawili wanaweza kuishi majirani, uzio mmoja tu kati yao, na chakula cha mmoja kikawa madhara kwa mwenzake.

Simba naye huwezi kumlisha mnofu mtupu. Mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mtoto wa simba akilelewa kwa mnofu laini, miguu inapinda na mifupa inavunjika akiruka tu. Anahitaji mifupa, ngozi, maini, mnyama mzima ikiwezekana. Tena jamii yote ya paka inahitaji taurini, kirutubisho kinachotoka kwenye nyama, la sivyo macho na moyo huharibika. Simba mzima tunampa wastani wa kilo 5 hadi 7 kwa siku, lakini si kila siku. Porini hali kila siku, na siku ya kufunga inalifaa tumbo lake.

Heroe (flamingo) wakikosa rangi zinazotokana na mwani na wadudu wa majini, manyoya yao hupauka hadi kuwa meupe, kwa hiyo rangi hizo huchanganywa kwenye chakula chao.

Twiga ni hadithi nyingine. Porini hutumia zaidi ya nusu ya siku akila, ulimi wake wa sentimita 45 hivi ukichagua jani kati ya miiba. Ukimpa chakula cha gunia akakimaliza kwa dakika 20, ule ulimi bado una saa nyingi za kazi na hauna kazi. Matokeo yake analamba ukuta, analamba chuma, analamba hewa. Dawa yake ni matawi, yaning'inizwe juu, mengi, kila siku, hata kama kuyakata kunachukua asubuhi nzima.

Kwa nini haturuhusiwi kuwarushia kidogo tu, hata mkate?

Kwa sababu ninyi ni magari 300 na kila mmoja anarusha kidogo tu. Swala, twiga na nyati wana tumbo la kucheua, linaloishi kwa vijidudu vinavyosaga majani. Mkate na nafaka vikiingia kwa wingi, tumbo linajaa asidi, vijidudu vinakufa, na mnyama anaweza kufa baada ya siku mbili akiwa na tumbo lililojaa. Hata matunda ya shambani yana sukari nyingi kuliko matunda ya mwituni. Kuna bustani zilizoacha kabisa kuwapa nyani ndizi.

Na funga madirisha kwa nyani. Anayejifunza kwamba gari lina chakula atapanda kila gari, na siku akimng'ata mtoto, atakayelipa ni nyani.

Nimeona twiga akiweka mguu juu ya gogo na kupewa zawadi. Mnawafanyisha sarakasi?

Swali zuri, na naelewa linatoka wapi. Ile ni matibabu.

Kwato za twiga hukua kama kucha. Ardhi ya bustani mara nyingi ni laini kuliko ya porini, haizisugui vya kutosha, hivyo zinarefuka, zinapinda, na mnyama wa tani moja anaanza kutembea kwenye viungo vilivyokaa upande. Zamani njia ilikuwa kumlaza kwa dawa. Kumlaza twiga ni hatari: shinikizo lake la damu ni kama mara mbili ya letu, shingo ni ndefu, anaweza kuanguka vibaya, anaweza kucheua na chakula kikaingia kwenye mapafu. Wapo walioingia usingizini kwa ajili ya kwato wasiamke.

Kwa hiyo tunamfundisha. Wiki ya kwanza gogo linakaa tu pale, akilitazama bila kukimbia anapigiwa filimbi na kupewa tawi. Kisha akilikaribia. Kisha kwato ikigusa, hata kwa bahati. Inaweza kuchukua miezi. Siku inapofika, unapiga magoti nje ya vyuma, kwato kubwa kama sahani iko mbele ya uso wako, na unaanza kusugua kwa tupa. Unga mweupe unaanguka kwenye buti, harufu yake ni ya kucha iliyoungua. Juu kabisa mwenzako anashika tawi, na wewe unasikia majani yakikwanyuliwa. Sauti ile ikikoma, unaacha, kwa sababu twiga amepata wasiwasi. Akitaka kuondoa mguu anauondoa, wala hanyimwi zawadi yake kwa hasira.

Kwa njia hiyohiyo simba hulala ubavu akipitisha mkia chini ya vyuma ili atolewe damu, na tembo huleta sikio kwenye tundu, kwa sababu nyuma ya sikio ndiko mishipa inaonekana. Nyayo za tembo tunazikagua kila siku. Kijiwe kilichonasa kwenye ufa wa unyayo kinaweza kuleta usaha unaofika mfupani, na maradhi ya miguu yamewaua tembo wengi waliofungiwa.

Mnajuaje kwamba mnyama anaumwa?

Kwa kumjua kabla hajaumwa. Mnyama wa porini anaficha udhaifu wake, maana anayeonekana dhaifu ndiye anayefuatwa na simba au kufukuzwa na mwenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa wanyama hawa hilo hutokea kweli: siku unapoona wazi kwamba swala anaumwa, mara nyingi umechelewa kwa siku tatu.

Kifaru jike mweupe niliyemhudumia alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi alikwenda dimbwini akajigaragaza kwenye matope, kisha akaja kwenye gogo lililo karibu na lango kusugua shavu lake la kushoto. Asubuhi moja nilipita pale kwenye saa nne nikaona gogo limekauka. Matope ya jana yalikuwa yamepauka na kupasukapasuka, mapya hayapo. Yeye mwenyewe alikuwa anatembea, amekula, macho yake maangavu. Nilimwita daktari nikiwa na haya, kwani ningesema nini? Kwamba hajasugua shavu? Daktari hakunicheka. Alimfanya afungue mdomo kama alivyokuwa amezoeshwa, akakuta usaha kwenye fizi ya gego la nyuma, upande uleule wa kushoto. Ulikuwa umeanza tu.

Daktari ana elimu ambayo mimi sina. Lakini hakuwahi kuliona lile gogo likiwa bichi.

Na akihitaji kulazwa kwa dawa?

Kwa wanyama wakubwa kama kifaru na tembo hutumika dawa ziitwazo etorfini na jamaa zake. Etorfini ina nguvu zaidi ya mara elfu moja kuliko mofini, dawa kali ya maumivu, na kiasi kidogo kikipenya kwenye mwili wa mtu kinaweza kumwua. Ndiyo maana hairuhusiwi kuishika ukiwa peke yako, na dawa ya kumwokoa binadamu huandaliwa kabla ya ile ya mnyama kufunguliwa. Mnyama akishalala kazi ya mtunzaji ni kufunika macho, kuziba masikio, kumwagia maji asipate joto, na kuhesabu pumzi.

Simbamarara alikuwa akienda na kurudi njia ileile. Amechanganyikiwa?

Huenda, na usikubali mtu akujibu haraka. Wakati mwingine ni saa ya chakula imekaribia na amesikia gari. Wakati mwingine ni tabia aliyoipata kwenye kizimba kidogo alikotoka, na imebaki naye hata baada ya kupewa uwanja. Na wakati mwingine ni kosa letu: hana kazi.

Kumpa mnyama kazi ni nusu ya utunzaji. Nyama inafungwa juu ya mti aipande. Kinyesi cha pundamilia kinamwagwa uwanjani mwa simba, na utawaona wakijisugua humo nusu saa nzima. Tembo anapewa pipa lenye tundu moja, majani yakiwa ndani, mkonga utafute njia. Tunamrundikia mchanga mlima mdogo aegemee akilala, maana tembo mzee akilala sakafuni kuinuka kunamtesa.

Hapa watunzaji tunabishana: je, chakula kiwe na saa maalumu au kisitabirike? Wapo wanaosema ratiba inamtuliza mnyama. Mimi naona ratiba ndiyo inayomfundisha kuzunguka langoni. Nimebadilisha saa za kulisha na nimeona tofauti, lakini nina wenzangu wazuri wasiokubali.

Mtoto amekataliwa na mama. Kwa nini hamkimbilii chupa?

Kwa sababu chupa inaokoa maisha na kuharibu mnyama. Kwanza tunasubiri na kutazama kwa mbali. Mama wa mara ya kwanza mara nyingi anahitaji utulivu tu. Kinachotukimbiza ni saa za dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Mtoto wa swala au twiga huzaliwa akiwa karibu hana kinga, na tumbo lake hupokea kinga ya dang'a kwa siku ya kwanza tu.

Ikibidi tunalisha, ila kwa kujizuia: hatumbembelezi, na tunamrudisha kwenye kundi mapema iwezekanavyo. Dume la choroa, swala mkubwa mwenye pembe ndefu, aliyelelewa kwa chupa ni mtamu akiwa mdogo. Akikomaa anamhesabu mtunzaji kuwa dume mwenzake, na pembe zake zinajua kazi yake. Mnyama wa aina hiyo haishi vizuri na watu wala na wenzake.

Tunaweza kuwaambukiza magonjwa?

Ndiyo. Aprili 2020 simbamarara wa bustani ya Bronx, New York, alikutwa na virusi vya korona, na ilidhaniwa alivipata kwa mtunzaji aliyekuwa navyo bila dalili. Kifua kikuu cha binadamu kinawapata tembo. Njia nayo ina pande mbili: aina fulani za tumbili hubeba kirusi cha hepesi kisichowasumbua sana, lakini kinaweza kumwua mtu. Tunanawa, tunavaa glavu na barakoa, na mnyama mgeni hukaa peke yake kwa kawaida siku 30 kabla ya kuonana na wengine.

Kwa nini wafungiwe kabisa?

Wengi mnauliza kwa uchungu, nami silichukulii kama tusi. Baisani wa Ulaya alitoweka porini mwaka 1927. Wote walioko leo, misituni na bustanini, wametokana na wanyama 12 waliokuwa wamefungiwa, na kitabu cha nasaba zao kilichotolewa mwaka 1932 ndicho kilichofungua njia ya vitabu vya aina hiyo tunavyotumia kuamua nani azae na nani. Choroa wa Arabuni alimalizwa porini mwaka 1972. Mwaka 1982 waliozaliwa kifungoni wakaachiwa Oman.

Lakini wakati mwingine kifungo hakitoshi. Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na binti yake Fatu, wote waliozaliwa bustani ya safari ya Dvůr Králové nchini Cheki. Walipelekwa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, Desemba 2009 pamoja na madume mawili, kwa tumaini kwamba ardhi ya Afrika ingewasaidia kuzaa. Hawakuzaa. Sudan, dume la mwisho, alikufa Machi 2018, na waliokuwa naye ni watunzaji wake.

Na wengi wa wanyama ninaowahudumia hawatarudi porini kamwe, wala watoto wao. Kwa hao, nisingekudanganya kwamba wanaokoa chochote. Tunachodaiwa ni maisha mazuri, leo, pale walipo.

Nataka kazi hii. Nianzie wapi?

Soma biolojia au afya ya wanyama ukiweza, na jitolee popote penye mifugo. Aliyewahi kukamua, kuzalisha na kumtibu mbuzi anajua mengi kuliko anavyodhani. Uwe tayari kwa mvua, kwa sikukuu kazini, na kwa kumzika mnyama uliyemjua miaka 20.

Wanaokuja kujifunza kwangu nawasimamisha mbele ya kundi la pundamilia kwa nusu saa, simu mfukoni. Kisha nauliza: ni yupi aliyekunywa maji wa mwisho, na nani alimzuia?